Kutuliza kifaa kwenye upasuaji wa matundu madogo: mwongozo kamili, kuanzia kupima mtikisiko hadi umeme ukikatika

Upasuaji wa matundu madogo mgonjwa anaupenda kwa sababu kidonda ni kidogo na anapona mapema, ila kwa daktari ni kazi ngumu kweli. Chuma ni kirefu na chembamba, kinapita kwenye tundu la milimita 5 mpaka 12 hivi, yeye anaangalia skrini badala ya mkono wake, na pembeni kuna mtu kashika kamera ambaye baada ya saa moja mkono umeshakufa ganzi na picha inacheza cheza. Ndo maana roboti ya AESOP iliyopata kibali Marekani mwaka 1994 haikukata wala kushona chochote, kazi yake ilikuwa moja tu, kushika kamera itulie.

Hapa naelezea jinsi ya kutengeneza prototaipu, yaani kifaa cha majaribio, ya mezani, ya maabara, inayofanya kazi kwenye viungo bandia. Ukimaliza hatua zote bado huruhusiwi kuisogeza karibu na mtu, hiyo ina njia yake na nitaigusa kule mwisho. Nawalenga wanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba, mafundi wa maabara, na hata madaktari wanaotaka kujua hawa watu wa roboti wanawauzia nini hasa.

Watu wengi wakisikia "kutuliza" wanakimbilia filta, yaani hesabu ya kompyuta ya kuchuja mtetemo. Wanatafuta programu yake, wanaiweka, mtetemo unapungua kwenye grafu, wanafurahi, halafu mtu akishika kifaa anasema kizito, kinamburuza, hakitaki. Maswali ya maana ni mawili: nani anatikisika, na mashine yako inachelewa kiasi gani kumjibu. Karibu kila kitu hapa chini kinatoka kwenye hayo mawili.

Hatua ya 1: Mjue anayetikisika

Wako watatu.

Kwanza mkono wa binadamu. Hata mtu mzima wa afya anatetemeka, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, yaani hezi 8 hadi 12, kwa kiasi kidogo sana, kwenye upasuaji wa jicho unaongelea makumi ya mikromita hadi mia na kitu (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Tumboni hiyo wala huioni. Ila ndani ya jicho, ambako mshipa wa retina, ile ngozi laini ya nyuma inayopokea mwanga, wenyewe una upana wa mikromita mia hivi, ni balaa. Mkono una tabia nyingine pia, kuhama polepole, chini ya hezi 1, na hii kwa maoni yangu inasumbua zaidi kwenye kazi ndefu, kwa sababu inafanana kabisa na mwendo anaoutaka daktari mwenyewe, filta ya mtetemo haiwezi kuitofautisha.

Pili, mwili wa mgonjwa. Anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, hiyo ni hezi 0.2 hadi 0.33, na kila pumzi ini na figo vinapanda na kushuka, sentimita nzima au zaidi. Moyo ukipiga 60 hadi 100 kwa dakika ni hezi 1 hadi 1.7, lakini mwendo wake una mikato ya ghafla kwa hiyo ndani yake kuna hezi za juu zaidi ya hizo.

Tatu, mashine yako. Mota, gia, nyaya, mkono wa chuma mrefu ambao ukiguswa tu unatikisika nusu dakika. Huyu husahaulika na mara nyingi ndo mkubwa kuliko wote.

Chagua mmoja wa kushughulika naye. Prototaipu ya kwanza inayotaka kuwatuliza wote watatu haimtulizi hata mmoja.

Hatua ya 2: Pima kabla hujanunua chochote

Chukua chuma cha kawaida, weka nukta nyeupe kwenye ncha, irekodi kwa kamera ya kasi. Kwa hesabu, kuona hezi 12 unahitaji zaidi kidogo ya picha 24 tu kwa sekunde, ila kwa vitendo hapo umbo la mtetemo hulioni vizuri, tafuta angalau picha 100 kwa sekunde. Kamera ifungwe kwenye meza nyingine, sio ile anayoegemea mpimwaji. Mwambie ashikilie ncha juu ya nukta ya karatasi ya grafu kwa dakika mbili, halafu arudie akiwa amechoka, arudie akiwa ametoka kunywa kahawa, arudie kiwiko kikiwa kimeegemea na kikiwa hewani. Utashangaa kiwiko peke yake kinabadilisha namba kiasi gani, na hakigharimu kitu.

Chora spektra, yaani grafu inayoonyesha kila hezi ina mtikisiko kiasi gani. Utaona kilima karibu na hezi 10 na mwinuko mkubwa chini ya 1. Ukiona sindano nyembamba kwenye 50 au 60 usiite mtetemo wa mkono, huo ni umeme wa ukutani umeingia kwenye vipimo. Andika RMS, ambayo ni aina ya wastani wa ukubwa wa mtikisiko, na andika pia mtikisiko mkubwa kuliko wote, kwa sababu kinachotoboa mshipa ni ule mmoja mkubwa, wastani hautoboi kitu.

Hatua ya 3: Chagua aina ya mfumo

Ziko familia tatu na kila moja ina tabia zake.

Ya kwanza ni ya mbali kwa mbali: daktari anakaa kwenye kiti chake anashika vishikio, roboti inashika vyuma. Da Vinci, iliyopata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2000, iko hapa. Mkono na ncha haviunganishwi na chuma chochote, katikati kuna kompyuta, kwa hiyo unaweza kupunguza mwendo: mkono ukienda sentimita 3 ncha inaenda 1, na mtetemo nao unagawanywa kwa 3 hivyo hivyo, bila kuchelewesha chochote. Hii kwangu ndo filta bora kuliko zote na haina hata mstari mmoja wa hesabu ngumu.

Ya pili ni ya kushika pamoja. Daktari na roboti wanashika chuma kimoja, sensa ya nguvu inasoma anasukuma wapi, roboti inasogea taratibu kwa kasi inayolingana na nguvu yake. Kwa kuwa roboti ni ngumu, mtetemo unakufa wenyewe. Timu ya Russell Taylor pale Johns Hopkins ilionyesha hii miaka ya 1990 mwishoni kwa roboti waliyoiita Steady-Hand. Bei yake ni kasi, ukitaka kukimbia haikubali.

Ya tatu ni kifaa cha mkononi chenye mota ndogo ndani. Unakishika kama kawaida, sensa zinasoma mkono unavyotetemeka, ncha inasukumwa upande wa pili ili ibaki palepale. Micron ya Carnegie Mellon, kazi ya Cameron Riviere na wenzake, ni ya namna hii. Ni nzuri kwa sababu daktari habadilishi tabia, ila kihandisi ndo ngumu kuliko zote na utaona kwa nini kwenye hatua ya 7.

Kama unachotaka ni kushika kamera tu, huhitaji hata moja. Mkono wenye viungo vitano na breki nzuri unatosha, ruka mpaka hatua ya 5 kisha nenda ya 10.

Hatua ya 4: Heshimu egemeo

Chuma kinapita kwenye tundu la mwili na lile tundu haliwezi kusogezwa upande, utalirarua. Kwa hiyo chuma kinageukia pale kama kasia kwenye ukingo wa mtumbwi, mkono ukienda kulia ncha inaenda kushoto. Na uwiano unategemea urefu: ndani sentimita 20 na nje 10, mtetemo wa milimita 0.1 mkononi unafika kwenye ncha ukiwa 0.2. Ukivuta mpaka ndani ibaki 10 na nje iwe 20, unakuwa 0.05. Maana yake programu lazima ijue chuma kimeingia kiasi gani kila wakati, ukiweka namba moja isiyobadilika mfumo utatulia ukiwa katikati na utaharibika ukiingia ndani, halafu utaanza kulaumu sensa.

Egemeo unalilinda kwa njia mbili. Kuna ya chuma, ambapo mkono wa roboti umeundwa kwa msambamba au tao na haiwezekani kabisa sehemu ile ihame, programu ikichanganyikiwa bado tundu liko salama. Na kuna ya programu, ambapo kompyuta inapiga hesabu ya viungo vyote ili chuma kipite palepale. Ya pili ni rahisi kujenga na inabadilika badilika unavyotaka, lakini kosa moja la hesabu linavuta ukuta wa tumbo. Anza na ya chuma.

Halafu kumbuka tundu lenyewe linahama. Tumbo linajazwa kaboni dioksaidi kwa presha ya mmHg 12 hadi 15 hivi, presha ikishuka ukuta wa tumbo unashuka na egemeo linashuka nao, kitanda kikiinamishwa hivyo hivyo. Weka sensa ya nguvu pale trokari (kibomba kinachokaa kwenye tundu ili chuma kipite) inaposhikwa, ikiona nguvu ya upande inapanda, mkono wa roboti usimame na uombe upangwe upya.

Hatua ya 5: Chuma, uzito na breki

Hapa ndo pa kutumia pesa. Kiungo kikiwa na mchezo, yaani kulegea, wa digrii 0.1 tu, kwenye mkono wa sentimita 40 hiyo ni milimita 0.7 kwenye ncha, na hakuna algorithimu itakayokurudishia. Gia za kawaida zina mchezo, gia za harmoniki karibu hazina, nyaya za kuvuta ni laini na nyepesi ila zinanyooka na kulegea kadri siku zinavyokwenda, kwa hiyo zipangie ratiba ya kukazwa.

Uzito ubebwe na springi au jiwe la kusawazisha, usiiachie mota ipambane na graviti kila sekunde, itapata moto na itavuma. Breki ziwe za kufunga umeme ukikosekana, yaani umeme unafungua breki, ukikatika zinafunga zenyewe. Kisha fanya kipimo cha kihuni lakini kizuri: gonga mkono wa mashine kwa kidole na rekodi ncha inatikisika kwa muda gani na kwa hezi ngapi. Ikitikisika kwa hezi zilizo karibu na zile unazotaka kuzifuta, ongeza ugumu au punguza uzito kabla hujagusa kompyuta.

Hatua ya 6: Sensa

Enkoda, sensa za kupima mzunguko, kwenye viungo zinajua mota iko wapi, hazijui ncha iko wapi, chuma kikipinda hazina habari. Kwa kifaa cha mkononi watu wanapenda akselerometa (inapima mchapuko) na jairoskopu (inapima kugeuka) kwa sababu ni rahisi na ndogo. Sawa, ila piga hii hesabu kwanza. Mtetemo wa milimita 0.1 kwa hezi 10 una mchapuko wa kama mita 0.4 kwa sekunde ya mraba. Kukiinamisha kifaa digrii 1 tu, graviti inaingiza 0.17 kwenye mhimili wa upande. Yaani mtu akiinamisha mkono digrii mbili na nusu, sensa inaona kitu kikubwa kuliko mtetemo wenyewe, na ukitaka kupata umbali inabidi ujumlishe mara mbili, kosa dogo linakua mpaka ncha inaelea. Kwa hiyo sensa hizi zitumie kwa mitikisiko ya haraka tu, na mahali halisi upate kutoka kwa kitu kingine, kamera ya kufuatilia alama au sensa ya mwanga.

Nguvu pia ni muhimu. Kwenye retina daktari anafanya kazi kwa nguvu za milinyutoni chache ambazo vidole havizisikii, ndo maana watafiti huweka nyuzi za mwanga ndani ya chuma chenyewe karibu na ncha.

Hatua ya 7: Bajeti ya kuchelewa

Hapa ndo kiini cha kazi yote, usipite haraka.

Ukiwa unafuta mtikisiko kwa kusukuma upande wa pili, na msukumo wako unafika umechelewa, kinachobaki ni mara mbili ya saini (sine ya hesabu, kwa radiani) ya pai zidisha hezi zidisha sekunde za kuchelewa. Kwa mkono wa hezi 10: ukichelewa milisekunde 8 unabaki na nusu ya mtetemo. Ukichelewa milisekunde 17 hujafanya chochote, mtetemo uko vilevile. Ukichelewa 50 umeuzidisha mara mbili, yaani mashine ya kutuliza imegeuka ya kutikisa. Kanuni rahisi ya kukumbuka: ukichelewa zaidi ya sehemu moja ya sita ya wimbi, unaharibu.

Sasa angalia kamera ya picha 30 kwa sekunde. Picha moja ni milisekunde 33 kabla hata hujaichakata, kwa hiyo kamera peke yake haiwezi kufuta mtetemo wa mkono, usijisumbue. Lakini kwa kupumua kwa hezi 0.25 kikomo ni milisekunde 660 na kitu, kamera hiyohiyo inatosha na inabaki. Moyo uko katikati, kwa hezi 1.2 kikomo ni kama 139, ila kwa ile mikato yake ya ghafla unahitaji kuwa chini sana ya hapo.

Familia ya mbali kwa mbali haina shida hii kwa ukali huo, kwa sababu haifuti, inachuja kabla mwendo haujafika kwenye ncha. Mwaka 2001 Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa mfuko wa nyongo mgonjwa aliyekuwa Strasbourg kwa roboti ya ZEUS, na kuchelewa kulikuwa wastani wa milisekunde 155, operesheni ikaisha salama. Hizo 155 kwenye kifaa cha mkononi zingekuwa kichekesho.

Kaa na karatasi, andika kila kinachokula muda: sensa kusoma, waya, programu, filta, mota kuanza kusogea. Jumlisha. Mzunguko wa programu wa mara 1000 kwa sekunde ni wa kawaida kwenye kazi hizi, na usiuendeshe kwenye kompyuta ambayo inaweza kukatisha kazi ikasasishe programu zake.

Hatua ya 8: Programu

Filta ya kawaida ya kupitisha hezi za chini ni mahali pa kuanzia. Ile rahisi kuliko zote, ya daraja la kwanza, ikikatwa kwenye hezi 5, yaani ianze kuzuia kuanzia hapo, mtetemo wa hezi 10 unabaki asilimia 45 hivi na mwendo wa daktari unachelewa kama milisekunde 32. Ukiikata kwenye 2, mtetemo unabaki asilimia 20 ila kuchelewa kunakuwa 80, na hapo ndo mtu anakwambia kifaa kizito. Kwenye mfumo wa mbali kwa mbali changanya filta laini na kupunguza mwendo, inatosha.

Kwenye kifaa cha mkononi filta hiyo haifai kwa sababu ya hatua ya 7. Unahitaji kutabiri. Mtetemo wa mkono unakaribia kuwa wimbi la saini, kwa hiyo kuna algorithimu zinazojifunza hezi na ukubwa wake papo kwa papo kisha zinakisia sekunde ndogo inayofuata itakuwaje, mojawapo ni WFLC iliyotoka kwenye kazi za Riviere, nyingine wanatumia filta ya Kalman. Zinafanya kazi vizuri mtetemo ukiwa umetulia na zinapotea mtu akigeuza mkono ghafla, kwa hiyo weka sheria: mkono ukienda kasi, acha kutuliza. Mtu anayekimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine hahitaji mikromita.

Ukitaka unaweza kuongeza ukuta wa kufikirika, sehemu ambayo ncha inakataliwa kuvuka. Kwa kazi za jicho ni msaada mkubwa.

Hatua ya 9: Mwili unaosogea

Kabla ya kuufuata mwili kwa kamera na hesabu, jiulize kama unaweza kuushika. Madaktari wa moyo walijibu hili zamani: kifaa cha Octopus kilichotoka Utrecht miaka ya 1990 kinanyonya sehemu ndogo ya moyo na kuituliza ili mshipa ushonwe huku moyo unaendelea kupiga. Hakuna kompyuta hapo. Kwa kupumua, mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anapumua kwa ratiba isiyobadilika, kwa hiyo chukua ishara moja kwa moja kutoka kwenye mashine hiyo badala ya kukisia kwenye picha.

Hatua ya 10: Jaribu bila kujidanganya

Silikoni au jelatini kwa tumbo, na kwa jicho lile ganda laini la ndani ya yai bichi ni zuri ajabu kwa mazoezi. Pima ncha kwa kamera ya nje, usitumie sensa zilezile za mfumo kujisahihisha wenyewe. Washa na zima kutuliza bila mtumiaji kujua, la sivyo atajitahidi zaidi ikiwa imewashwa. Rekodi muda wa kumaliza kazi na nguvu ya ncha, maana mfumo unaopunguza mtetemo nusu na kuongeza muda mara tatu hakuna atakayeutaka. Waite wazoefu na wageni, mara nyingi mgeni anasaidika sana na mzoefu analalamika, na malalamiko ya mzoefu ndo yenye faida.

Kisha washa kisu cha umeme karibu. Kinafanya kazi kwa mamia ya kilohezi na kwenda juu, na sensa nyingi zikikaa jirani nacho zinaanza kusoma uongo.

Hatua ya 11: Ikifeli ifeli vipi

Andika kila kinachoweza kufa: umeme, sensa kuchomoka, programu kuganda, mota kufika mwisho wa uwezo. Kwa kila kimoja amua mashine ifanye nini, na usiandike "isimame" kila mahali. Kwenye tumbo lililotulia kufunga breki ni sawa. Kwenye moyo unaopiga, ncha iliyoganda ni hatari kuliko inayotembea kwa sababu nyama inaendelea kusogea na itajichoma yenyewe, hapo ncha inatakiwa irudi nyuma. Kwenye kifaa cha mkononi ncha irudi katikati na ijifunge, daktari abaki na chuma cha kawaida. Na katika hali zote mtu aweze kukitoa chuma mwilini kwa mkono bila umeme, jaribu hilo kwa kuchomoa plagi kweli, usilikubali kwa maneno.

Kuna saketi ndogo ya pembeni inayongoja ishara kutoka kwa programu kuu kila baada ya milisekunde chache, ishara isipokuja inafunga yenyewe. Iweke kwenye chipu tofauti.

Mota na sumaku hazipendi otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke, ya nyuzi joto 134, kwa hiyo panga tangu mwanzo sehemu inayoingia mwilini ichomoke ikatakaswe na iliyobaki ivalishwe mfuko tasa. Kitu hiki kikiachwa mpaka mwisho unarudi kuchora upya kifaa kizima.

Makaratasi nayo yaanze mapema, kwa kufuata viwango vya kimataifa: ISO 14971 kwa hatari, IEC 62304 kwa programu, IEC 60601-1 kwa usalama wa umeme, na IEC 80601-2-77 ambayo ni ya roboti za upasuaji zenyewe. Jedwali la kufeli ulilolichora hapo juu ndo mwanzo wa faili la hatari, lipe tarehe na sahihi siku hiyohiyo, ukisubiri mpaka kamati ya maadili iliombe utakuwa umeshasahau kwa nini uliamua ncha irudi nyuma badala ya kusimama.